Maswali ya Wasomaji: Kalamu za Mvule

Katika toleo lililopita tulichapisha picha ya kalamu iliyokerezwa kwa mbao za mvule, pamoja na maelezo ya mistari sita tu. Barua zilizotufikia tangu siku hiyo zimetuonyesha kwamba mistari sita haikutosha hata kidogo. Fundi wetu, mkerezaji wa mbao mkoani Tanga, amejibu baadhi yake. Majina ya walioandika tumeyaacha. Tumebakiza mahali walipo.

Salaam, Fundi. Nilipostaafu ualimu, wanafunzi wangu wa zamani walinizawadia kalamu iliyomo ndani ya kisanduku chenye maandishi “mvule halisi wa msitu wa mvua”. Naipenda, lakini kila ninapoishika najiuliza kama kuna mti uliokatwa kwa ajili yangu. Tena mvule mimi nimezoea kuuona mashambani mwa watu, si msituni. Je, maandishi hayo ni ya kweli?
*Mwalimu mstaafu, Korogwe*

Shikamoo, Mwalimu. Macho yako hayakukudanganya, na maandishi hayo nayo hayakusema uongo. Mvule, ambao wanasayansi huuita *Milicia excelsa*, ni mti wa misitu ya nchi za joto zenye mvua, kuanzia Afrika Magharibi, kupitia bonde la Kongo na Uganda, hadi Msumbiji. Wanigeria huuita iroko, Waghana odum, na wafanyabiashara wa mbao wa Kongo huuita kambala. Hapa kwetu makao yake ya asili ni pamoja na misitu ya chini na miteremko ya Usambara Mashariki. Lakini ni mti unaopenda jua, hauvumilii kukulia kivulini miaka yote, na kwa hiyo hustawi pembeni mwa msitu na pale ambapo miti mingine imeanguka. Msitu ulipofyekwa ili kupata mashamba, wakulima wengi waliuacha mvule umesimama, ama kwa ajili ya kivuli, ama kwa kuhesabu thamani ya mbao zake, ama kwa kuogopa mizimu inayosemekana kukaa chini yake. Mvule unaouona peke yake katikati ya mihogo mara nyingi ni shahidi wa msitu uliokuwapo hapo.

Sasa tuje kwenye swali lililokukosesha usingizi. Kalamu ya kawaida, ile nyembamba inayofunguka kwa kuzungushwa, huanza na kipande cha sentimita 2 kwa 2 chenye urefu wa sentimita 13. Kipande hicho kina uzito wa gramu 34 hivi. Nikimaliza kukitoboa, kukikereza na kukipiga msasa, mbao iliyobaki juu ya mrija wa shaba ulio ndani ya kalamu haizidi gramu 3 au 4. Nyingine yote imekwenda kuwa maranda sakafuni. Ubao mmoja wa urefu wa mita 1.2, upana wa sentimita 30 na unene wa sentimita 2.5, yaani ubao wa juu wa dawati, kwa hesabu ya karatasi, ukiondoa kinacholiwa na msumeno, hutoa vipande 117, na baada ya kuondoa matundu ya misumari na nyufa hubaki 90 au zaidi. Kwa hiyo hakuna mtu mwenye akili timamu anayeangusha mti unaoweza kufika mita 50 ili atengeneze kalamu. Mvule huangushwa kwa ajili ya milango, vitanda na mashua, na kalamu hutengenezwa kwa yale ambayo seremala angeyatia jikoni.

Hilo halimwondolei fundi wajibu wa kujua mbao zake zimetoka wapi. Tathmini ya mwaka 1998 ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa mazingira, iliuweka mvule katika kundi la miti inayokaribia kutishiwa, na sababu kubwa ni kwamba umevunwa mno kwa muda mrefu. Kwa sheria za Tanzania, mbao za miti ya asili zinazosafirishwa zinatakiwa kuwa na alama ya nyundo ya serikali na hati ya kusafirishia, na atakayekuambia kwamba mabaki ya karakana hayana asili yoyote anakuficha jambo, kwa sababu mabaki yalikuwa gogo kabla ya kuwa mabaki. Mimi binafsi nanunua vichwa vya mbao kwa maseremala wawili ninaowajua, na fanicha kuukuu zilizofutwa maofisini na shuleni. Huandika chini ya kisanduku kipande kilikotoka. “Dawati la shule” ni maneno mawili matatu tu, lakini yananiambia mengi kuliko “msitu wa mvua”, ambayo ni sifa ya mti na si habari ya mbao. Waulize wanafunzi wako walinunua kwa nani, kisha umuulize huyo fundi. Akiwa na jibu, andika kwa raha.

Shikamoo Fundi. Mimi ni kijana wa karakana. Nimeanza kukereza kalamu mwaka huu, lakini vipande vyangu vya mvule hupasuka ninapovitoboa, na vile vinavyopona hutoka na makwaruzo kama vimetafunwa na panya. Nakosea wapi?
*Kijana wa karakana, Morogoro*

Marahaba. Unakosea sehemu mbili, na zote mbili nimepita.

Kwanza ni keekee. Mrija wa shaba wa kalamu nyembamba unahitaji tundu la milimita 7, refu na jembamba, na unga wa mbao hauna njia nyingine ya kutokea ila kupandia mifereji ya keekee. Ukisukuma bila kusita, mifereji inaziba, keekee inachemka, na ubao unaotanuka kwa joto kutoka ndani hupasuka kwa nje. Toboa sentimita moja, toa keekee, pangusa, rudi tena. Ukishika kipande ukaona ni cha moto, kiache kipoe, usikimwagie maji. Kisha kata kila kipande kikiwa kirefu kwa sentimita moja kuliko mrija, na usitoboe hadi upande wa pili. Simama kabla keekee haijatokeza, halafu kata ile ncha kwa msumeno, na tundu litafunguka lenyewe bila kumeguka.

Pili ni nyuzi. Nyuzi za mvule hupishana: safu moja huelekea huku, safu inayofuata huelekea kule, na ndiyo maana ubao wake uliopigwa randa unameremeta kwa milia. Uzuri huo unaoupenda kwa macho ndio unaokutesa kwa mkono, kwa sababu upande mmoja ukikata vizuri, upande wa pili unang’oa. Dawa si kukandamiza. Noa patasi kila baada ya kalamu mbili tatu, ongeza mwendo wa mashine, na uondoe mbao nyembamba kama ganda la kitunguu. Milimita moja ya mwisho usiikwangue. Ikate kwa makali ya patasi bapa iliyolazwa mshazari, au kama mkono haujazoea, imalize kwa msasa ukianzia namba 150 hadi 600, na kila unapobadilisha msasa simamisha mashine na usugue kwa kufuata urefu wa nyuzi.

Kuna adui wa tatu ambaye hujamtaja, labda kwa sababu hujakutana naye. Nilikuwa na kazi ya kalamu 40 za harusi, na bobari yangu, ile patasi yenye makali ya mviringo, ilikuwa imetoka kunolewa asubuhi hiyo. Katika kipande cha tatu ilitoa mlio kama kisu kilichogonga sahani, na nilipoitazama niliona pengo kwenye makali linaloweza kuingia punje ya mchele. Nilisimamisha mashine. Ndani ya ubao kulikuwa na donge jeupe, ukubwa wa choroko. Nilikamulia tone la ndimu, likatoa povu dogo. Hilo ndilo jiwe la mvule: madini ya chokaa ambayo mti huyakusanya ndani ya mwili wake, mara nyingi mahali ulipopata jeraha. Tangu siku hiyo kila kipande nakitazama kwenye mwanga kabla ya kukifunga, na nikiona doa jeupe gumu au mstari mweusi usio na sababu, nakitenga.

Baada ya hapo utabaki na vitundu. Mvule una vitundu vikubwa vinavyoonekana kama vistari vya kalamu ya risasi, na kwenye kitu chembamba kama hiki huhisiwa kwa vidole na kukusanya uchafu. Mimi hupaka supaglu nyepesi, kisha papo hapo napiga msasa namba 400 ikiwa bado mbichi, ili vumbi lake lenyewe lichanganyike na gundi na kuvijaza. Hurudia mara mbili, halafu hupaka tabaka nne au tano za juu na kuzipunguza mng’aro. Wapo mafundi wanaotumia nta peke yake kwa sababu inapendeza siku ya kuuza. Jasho la kiganja huimaliza kabla ya miezi mingi kupita, na mteja anabaki na kalamu iliyopauka.

Mume wangu anakereza kalamu kwenye kibaraza. Tangu aanze kutumia mvule anapiga chafya usiku kucha na mikono inamwasha, lakini anasema ni mafua. Je, ni mafua?
*Mke wa fundi, Kigamboni*

Huenda si mafua, dada. Vumbi la mvule linajulikana kuwasha ngozi, macho na njia ya hewa kwa baadhi ya watu, na kwa wengine hali huzidi kadiri wanavyoendelea kulivuta. Avae barakoa ya kuzuia vumbi inayobana vizuri, wala si kitambaa. Aoge na kubadilisha nguo kabla ya kuingia ndani. Na mashine ihame kibarazani ikiwa watoto wanalala chumba chenye dirisha la karibu. Akipata shida ya kupumua, aende hospitali na amtajie daktari kwamba anafanya kazi ya mbao. Mwenye kuandikia kalamu iliyokwisha kupakwa hana hofu hiyo.

Kaka yangu alinitumia kalamu ya mvule kutoka Tanga. Ilikaa salama tangu Juni, lakini ilipofika Januari ilipasuka kwa urefu wake wote, juu ya meza, bila kuanguka. Je, nimeuziwa mbao mbovu? Pia naogopa kubeba nyingine kwenye ndege, kwa sababu nimesikia mbao za Afrika zinakamatwa.
*Msomaji, Hamburg*

Mbao haikuwa mbovu, ilikuwa mbichi. Kwa macho ya pwani ilikuwa kavu, maana mbao iliyoanikwa Tanga hutulia ikiwa bado na unyevu wa asilimia 14 hivi, na hewa yetu haiwezi kuikausha zaidi ya hapo. Ndani ya nyumba zenu zinazopashwa moto wakati wa baridi, mbao hushuka hadi asilimia 6 au 8. Mvule husinyaa kidogo ukilinganisha na miti mingine mingi, na hii ni sifa yake kubwa, lakini mrija wa shaba ulio ndani hausinyai hata kidogo, na mbao yenye unene wa milimita moja na nusu haina pa kwenda ila kupasuka.

Fundi anayeuza nje ya pwani anatakiwa avitoboe vipande mapema, kwa sababu tundu hufanya vikauke kutoka ndani pia, kisha aviweke mahali pa joto la wastani, mathalani ndani ya sanduku lenye balbu, na kuvipima kila siku kwa mizani ya jikoni inayosoma gramu. Uzito ukishuka, bado. Ukisimama kwa siku nne au tano mfululizo, ndipo agundishe mirija. Mimi nimepima vipande vilivyopoteza gramu 2 kati ya 30, na hicho ni kiasi kikubwa kuliko mtu anavyodhani. Hii ndiyo sababu nyingine ya kupenda dawati kuukuu: mbao zake zimekwisha kusinyaa na kutanuka kwa miaka mingi, na kilichotaka kupasuka kilikwisha kupasuka zamani. Ufa wako unaweza kuzibwa kwa vumbi la mvule na supaglu nyepesi. Usiiweke kalamu karibu na kifaa cha kupashia joto.

Kuhusu ndege, mvule haumo katika orodha za CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini. Unaosikia habari zake ni mpingo, ambao pamoja na karibu jamaa zake wote uliwekwa katika Kiambatisho cha Pili, orodha ya viumbe ambavyo biashara yake inadhibitiwa, kuanzia Januari 2017. Na hata huo, tangu mabadiliko ya mwaka 2019, bidhaa zilizokamilika zenye mbao zisizozidi kilo 10 kwa shehena moja hazidaiwi hati za mkataba huo. Mpingo, kwa njia, si mti wa msitu wa mvua bali wa nyika na miombo, ingawa wauzaji wengine huichanganya miti yote miwili katika kisanduku kimoja. Beba kalamu zako na risiti yake. Ubao mbichi ni habari nyingine. Huo usiubebe bila kuuliza forodha kwanza.

Nina ekari mbili za ziada. Je, naweza kupanda mvule mtupu, niwauzie mafundi wa kalamu kama wanavyofanya wapandaji wa mtiki?
*Mkulima, Turiani*

Usipande mvule mtupu, ndugu yangu. Wapo wadudu wadogo wa jamii ya *Phytolyma* ambao hutaga mayai kwenye machipukizi, na jani changa hugeuka kuwa nundu za kijani ambazo baadaye hupasuka, zikaoza na kuua ncha ya mche. Mche hutoa ncha nyingine, nayo huliwa, na baada ya misimu michache unabaki na kichaka badala ya mti. Mashamba ya mvule yaliyopandwa katika sehemu mbalimbali za Afrika yameshindwa hasa kwa sababu hiyo, wakati mtiki, ambao kwao ni Asia, umestawi Mtibwa hapo jirani yako na Longuza kule Muheza. Miche iliyotawanywa katikati ya miti mingine, yenye kivuli kidogo utotoni, huwa na nafasi bora zaidi ya kupona.

Jambo jingine ni kwamba mvule una miti dume na miti jike, na mbegu zake husambazwa sana na popo wanaokula matunda. Mkulima aliyefukuza popo wote na kuacha mvule mmoja tu shambani asishangae kutoona mche hata mmoja. Panda kumi au kumi na tano kando ya mpaka, changanya na miti mingine, na kwa mapato ya karibuni tegemea ndizi.

Dukani Mji Mkongwe nimeonyeshwa kalamu tatu za rangi moja, na muuzaji anasema zote ni mvule. Bei zimepishana mno. Nitajuaje?
*Mnunuzi, Unguja*

Rangi ndiyo kitu cha mwisho cha kuangalia. Mvule uliokatwa leo ni wa manjano, na baada ya kukaa kwenye mwanga huwa kahawia ya asali, kisha kahawia iliyoiva. Kwa hiyo kalamu mpya yenye weusi wa kahawa iliyokolea ama imetokana na mbao kuukuu ama imepakwa rangi. Omba kuona kichwa cha ubao, yaani pale ulipokatwa kukingama nyuzi. Baadhi ya mafundi huweka kipande kama sampuli. Kwenye mvule utaona vitundu vimezungukwa na rangi ya manjano hafifu inayotandaa kama mabawa na kuungana kuwa milia ya mawimbi. Ubavuni mwa kalamu milia hiyo hujitokeza kama herufi V zilizopangana. Mbao iliyopakwa rangi haionyeshi tofauti hiyo, kwa sababu rangi huingia hasa ndani ya vitundu na kuvifanya vyeusi kuliko vyote.

Anayekuuzia mtiki kwa jina la mvule hakuibii sana, maana mtiki, ambao wazee wa pwani waliuita msaji, nao ni mbao nzuri. Ila si mti wa kwetu. Mtiki ambao haujapakwa kitu huteleza kidoleni kama umeguswa na nta na hunuka kama ngozi ya viatu. Mvule ni mkavu mkononi.

Kalamu yangu imekwisha wino. Fundi aliyeniuzia amehama. Je, nitupe?
*Mwanafunzi wa chuo, Arusha*

Usitupe. Kalamu nyingi za mbao hutumia ama kijiti chembamba cha wino cha aina ya Cross ama kile kinene cha aina ya Parker, na vyote hupatikana katika maduka ya vifaa vya ofisi. Shika sehemu zote mbili karibu na pete ya katikati, vuta polepole huku ukizungusha, na nenda dukani na kijiti cha zamani mkononi. Usiivute kwa koleo.

Nyumba ya babu yetu inabomoka. Mlango wake wa mvule una nakshi za kale na umeanza kuliwa chini. Wajukuu tuko 23, na tumefikiria kila mmoja apate kalamu iliyotokana na mlango huo. Unaweza kutufanyia kazi hiyo?
*Kwa niaba ya ukoo, Bagamoyo*

Poleni kwa nyumba. Mlango siugusi, na nawaomba msimpe fundi mwingine ambaye ataugusa. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inailinda milango na miimo iliyochongwa nakshi kabla ya mwaka 1940, na kwa maelezo yenu mlango huo unaweza kuwa wa umri huo. Kabla ya kuung’oa, waoneni watu wa mambo ya kale waliopo hapo hapo Bagamoyo. Mlango ulioliwa chini unaweza kuungwa. Nimeona miimo iliyokatwa nusu mita na kuunganishwa mvule mpya hata jicho lisijue mahali pa kiungo.

Lakini nyumba ya namna hiyo haina mlango peke yake. Angalieni madirisha yasiyo na nakshi, mbao za ngazi, rafu za ukutani, na kitanda cha bibi ikiwa kilibaki. Nileteeni vipande viwili vya urefu wa mkono mmoja, visivyo na nakshi wala rangi ya mafuta, na misumari muiache humo humo niitoe mwenyewe kwa sumaku na koleo, kwa sababu msumari uliovunjikia ndani ni mbaya kwangu kuliko uliochomoza. Kalamu 23 zitatoka hapo, na moja ya ziada kwa ajili ya yule atakayepoteza yake.